Saa 27 Kutoka Richmond Hadi Washington

Ndugu msomaji, ukiitandaza ramani ya Marekani na kuufuata kwa kidole mwambao wake wa mashariki, utaiona njia kuu iitwayo Nambari 95. Huanzia Miami, katika joto la Florida, ikapanda kaskazini kwa zaidi ya kilomita 3,000 mpaka ikagota kwenye mpaka wa Kanada. Ni njia ya malori ya masafa marefu, ya familia zitokazo likizo, na ya wafanyakazi waendao kazini alfajiri na kurejea jioni wakiwa hoi. Ikiwa una ndugu aishiye Maryland au Virginia, basi aghalabu naye huipita. Kipande nitakachokupitisha leo ni kifupi: kutoka Richmond, makao makuu ya jimbo la Virginia, hadi Washington. Ni kilomita 170 hivi, na siku ya salama mwendo wake ni saa mbili tu.

Wenyeji husema kuwa njia hii haina cha kutazamwa. Hawaitendei haki. Karibu na katikati ya safari utauvuka mto Rappahannock, penye mji wa Fredericksburg. Hapo, Desemba 1862, wakati Wamarekani walipopigana wao kwa wao, majeshi ya Kaskazini yalipata kipigo kikubwa. Mwezi uliofuata Jenerali Ambrose Burnside alijaribu tena kuuvuka mto huo, lakini mvua ikanyesha bila kukoma, na mizinga, nyumbu na askari wakazama katika matope hata ikawabidi warudi walikotoka pasipo kupigana. Tukio hilo hujulikana kwa jina la Safari ya Matope. Ardhi hiyo, basi, ilikuwa na desturi ya kuwanasa wasafiri mwezi wa Januari miaka mingi kabla ya lami kumwagwa juu yake.

Tarehe 3 Januari, 2022, siku ya Jumatatu, iliwanasa tena.

Ili uelewe mambo yalivyokuwa, yakupasa kwanza kujua jinsi nchi za baridi zinavyopambana na theluji. Kabla haijaanguka, magari ya serikali hupita yakimwaga maji ya chumvi barabarani, kwani maji yaliyochanganyika na chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Theluji ikishaanguka, magari mengine yenye koleo kubwa mbele hupita yakiikwangua na kuisukuma kando. Lakini usiku ule ilitangulia mvua. Chumvi ambayo ingemwagwa ingesombwa na maji mpaka mitaroni, kwa hiyo haikumwagwa. Kisha mvua ikageuka theluji, nayo ikashuka kwa kasi ya kiasi cha sentimita tano kwa saa. Magari ya kukwangua hayakuweza kushindana nayo. Maeneo ya karibu na Fredericksburg yalifunikwa na theluji iliyozidi sentimita 30. Miti ikaelemewa na kuanguka, waya za umeme zikakatika, na maelfu ya nyumba zikawa gizani.

Wewe uliyewahi kukwama kwenye matope ya masika waweza kudhani kwamba unalijua jambo hili. La, matope na barafu si ndugu. Matope humshika mtu, ilhali barafu humwachia. Dereva hukanyaga breki, magurudumu yakasimama, lakini gari likaendelea na safari yake. Umbali wa kusimama juu ya barafu huweza kufika hata mara kumi ya ule wa barabara kavu. Baya zaidi ni lile tabaka jembamba lisiloonekana, ambalo dereva huliona kama lami iliyolowa tu. Madaraja ndiyo hutangulia kuganda, kwa kuwa baridi huyapiga juu na chini, na ndiyo maana utaona vibao vya kuonya kila ukaribiapo daraja.

Sasa fikiria lori lenye tela refu likipanda kilima katika hali hiyo. Magurudumu ya kichwa huteleza, tela likavuta nyuma, na lori zima likajikunja katikati mfano wa kisu cha mfukoni, likaziba njia zote. Lori moja likikaa hivyo, yaliyo nyuma yake husimama, na kilichosimama kilimani juu ya barafu hakiondoki tena. Tangu asubuhi ya Jumatatu ajali za namna hiyo zilifuatana, na ilipoingia jioni kipande cha kilomita zipatazo 80 kilikuwa kimekufa. Mamia ya magari yalisimama, na magari ya kukwangua theluji yakanaswa katika msongamano ule ule yaliotakiwa kuuondoa.

Miongoni mwa walionaswa alikuwamo Tim Kaine, seneta wa Virginia, aliyepata kuwa gavana wa jimbo hilo hilo na mgombea wa umakamu wa rais mwaka 2016. Aliondoka Richmond saa saba mchana akielekea Bungeni. Cheo hakiyeyushi barafu. Alilala garini kama mchukuzi yeyote, akiwasha injini kidogo apate joto, kisha akiizima ili asimalize petroli, naye akafika Washington siku ya pili alasiri, baada ya saa 27.

Usidhani kuwa kuwasha injini ni jambo dogo. Ukiiacha iwake usiku kucha, mafuta huisha. Na theluji ikiziba ekzosi, moshi wenye sumu hurudi ndani, nao hauna harufu wala rangi ya kumwonya aliyelala. Ukiizima, baridi iliyo chini ya sifuri hupenya kila upenyo. Ndani ya magari hayo walikuwamo watoto wachanga na wazee, wengine bila maji wala mkate, kwa kuwa nani hufunga masurufu kwa safari ya saa mbili? Wako waliotoka nje kwa miguu katika giza kutafuta njia ya kutokea, jambo la hatari kuliko kubaki.

Hata hivyo, kulipokucha Jumanne, watu wa magari mbalimbali, wasiojuana hata kidogo, walianza kutembeleana. Familia moja iliyokuwa ikirudi Connecticut kutoka Florida ilipita kati ya magari ikigawa machungwa, na seneta naye akapewa lake. Mahali pengine mke na mume waliokuwa na njaa walitambua kuwa lori lililosimama mbele yao ni la kiwanda cha mikate cha Schmidt, cha Baltimore. Wakapiga simu kiwandani. Baada ya muda mfupi mmoja wa wenye mali akapiga simu kwa dereva na kumwambia afungue mlango wa nyuma. Wakafanya kazi pamoja, dereva na wale aliokuwa hawajui, wakipita juu ya barafu gari baada ya gari, mkate mmoja na fungu moja la skonsi kwa kila gari, kadiri miguu yao ilivyoweza kuwafikisha.

Asije mtu akasema kuwa heri wangepanda treni. Treni moja ya abiria iliyokuwa ikitoka New Orleans kwenda New York ilikwama karibu na Lynchburg, katika jimbo hilo hilo, kwa zaidi ya saa 30, kwani miti ilikuwa imelala juu ya reli.

Baadaye yalifuata maneno mengi. Gavana wa wakati huo, Ralph Northam, alisema kuwa wananchi walikuwa wameonywa. Wananchi nao wakauliza kwa nini njia haikufungwa mapema, na kwa nini waliachwa usiku kucha bila habari. Mimi naona kuwa swali la pili lina uzito zaidi. Mtu aliye garini gizani, mtoto akilia kiti cha nyuma, huvumilia mengi akiambiwa kweli: gari la msaada liko wapi, na litafika saa ngapi. Hapo ndipo anapoweza kuamua kuwasha injini au kuhifadhi petroli.

Jumanne usiku watu wa mwisho waliondolewa. Yaliyobaki ni magari yaliyotelekezwa, ambayo yalivutwa moja moja, na theluji iliyoshikamana na lami, ambayo ilikwanguliwa usiku kucha. Hakuna aliyeripotiwa kufa katika msongamano huo. Jumatano asubuhi, tarehe 5 Januari, njia ilifunguliwa, na malori yakaanza tena kupanda kuelekea kaskazini.