Mkono wa Tingatinga na Vidole vya Watoto

Mwalimu wa watoto wadogo atakaye kuwafundisha uchoraji kwa kumfuata fundi mashuhuri hukabiliwa na njia mbili. Aweza kuitundika picha ya fundi ukutani na kuagiza kila mtoto atoe mfano wake. Au aweza kuwapa watoto kazi ile ile aliyoifanya fundi, kwa mpango ule ule, na kuwaachia wao kuchagua kitu cha kuchora. Njia ya kwanza ni nyepesi, na wazazi huipenda, kwa kuwa mwisho wa juma hupatikana twiga arobaini wanaofanana. Njia ya pili huchafua meza.

Katika Tanzania, fundi ambaye jina lake huja upesi kinywani ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaishi Dar es Salaam kwa vibarua vya namna kwa namna. Mwaka 1968 alianza kuchora picha za kuuza. Hakupita katika shule ya sanaa. Alitwaa vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya kung'aa ipakwayo baiskeli. Akatandaza rangi ya chini, akamweka mnyama juu yake, na mwisho akatia macho, mistari na madoa. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu! Mtindo ungalizikwa naye kama asingaliwaketisha ndugu na rafiki kando yake, wakajifunza kwa kutazama na kuiga.

Hapo ndipo penye fundo. Asemaye kuwa kuiga huua kipaji hana la kuwajibu wanafunzi wale, maana waliiga, na kazi yao ikawalisha. Lakini walichokipokea kwanza kilikuwa mpango wa kazi: kipi hutangulia, kipi hungoja. Baadaye, kwa kufuata matakwa ya wanunuzi, mbao zilijazwa wanyama na ndege hata pembeni. Picha nyingi za fundi mwenyewe zina mnyama mmoja tu, na nafasi kubwa tupu iliyomzunguka. Nafasi hiyo ndiyo ifaayo kuonyeshwa mtoto mapema. Walimu wengi huanza na madoa, kwa sababu madoa hufurahisha. Nayo ni kazi ya mwisho. Ni sawa na kumfundisha mtu kushona kwa kuanza na vifungo.

Rangi ya baiskeli ina harufu kali na haitoki mwilini kwa maji, basi haiwafai watoto. Rangi ya maji yatosha, na kipande cha boksi mahali pa hadibodi. Kijiti cha ufagio wa chelewa hutia doa safi kuliko burashi. Taabu ni kungoja. Mtoto wa miaka saba haamini kwamba rangi ya chini haijakauka mpaka aiguse. Humweka chui wake upesi, manjano ikaingia katika buluu, na chui akawa kijani. Uharibifu huo mmoja humfundisha zaidi ya maonyo kumi, na mwalimu mwenye busara hauzuii.

Hubaki swali la nini kichorwe. Tunduru ni nchi ya wanyama wa mwitu, na chui kwa mwana wa huko hakuwa pambo la duka. Mtoto wa Kariakoo amemwona tembo katika picha za watalii tu, lakini kunguru amwibiaye chapati anamjua kwa jina na kwa tabia. Ampe kunguru basi uwanja mzima wa rangi moja. Wakati wa madoa ukifika, swali zuri huja lenyewe:

"Mwalimu, kunguru hana madoa. Nimtie?"

Mwalimu asijibu. Amwelekeze dirishani. Mtoto akirudi na habari kwamba kunguru ana kijivu shingoni, apewe nyeusi na nyeupe, na kibao cha kuchanganyia.