Waliobeba Mizigo Barafuni

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Skuli zimefungwa, watoto wa mtaa wamejaa barazani tangu asubuhi. Nimewasomea kitabu cha picha nilichokipata kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na feri: maisha ya Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyefuatana na Robert Peary kuitafuta Ncha ya Kaskazini. Kimeandikwa kwa Kiingereza, nami nakigeuza Kiswahili papo kwa papo.

Ukurasa waliougombania ni wa mbwa wanaokokota sleji. Ushujaa hakuna aliyeuulizia. Hao mbwa wanakula nini? Nyama za wanyama wa baharini, nikajibu. Na zikiisha? Nikasema ukweli: mbwa aliyeishiwa nguvu aliuawa akaliwa na wenzake. Kimya. Kisha mmoja: "Na Henson naye alikula?" Nikafungua ukurasa mwingine.

Nimeagiza pande la barafu kwa mama muuza samaki, nikalitia kwenye sufuria, kila mtoto akaweka kiganja juu yake. Aliyestahimili zaidi ni msichana wa gredi ya pili. Alipoutoa mkono vidole vilikuwa havikunjiki. Akaviangalia, akasema, "Mwalimu, inaunguza." Hilo kitabu hakikusema.

Usiku. Kuna jambo limenikera. Kitabu kinaeleza kwamba tarehe 6 Aprili 1909 Peary na Henson walisimama Nchani pamoja na wenyeji wanne, basi. Wenyeji hao wana majina: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Wapo wengi wanaobisha kama Peary aliifikia Ncha hasa, lakini sijasikia anayedai kwamba angefika mbali bila watu wao, Wainuiti. Mavazi ya ngozi ni yao, ufundi wa mbwa ni wao, na Henson alijifunza lugha yao akaizungumza. Nimeyaandika majina yote manne pembezoni.

Jumapili, 3 Agosti

Mtoto wa jirani kaja na swali alilolala nalo: kule ambako jua halizami miezi kadhaa, Magharibi huswaliwa saa ngapi? Hilo si langu. Nikamchukua hadi kwa Ustadhi.

Ustadhi akafurahi kuliko nilivyotegemea. Akamweleza kwamba Mtume aliulizwa kuhusu siku ya Dajali itakayokuwa ndefu kama mwaka, kama swala za siku moja zitaitosheleza. Akajibu kwamba hazitoshi, wakadirie. Kwa hadithi hiyo wanazuoni huwaambia watu wa kaskazini wafuate saa za mji wa karibu wenye usiku na mchana, na wengine wafuate za Makka.

"Na kibla, Ustadhi?"

Hapo nikatoa atlasi. Makka ipo longitudo 39.8 mashariki, Mombasa 39.7. Ndiyo maana sisi huswali tukielekea kaskazini. Ukiupitisha mstari huo Makka ukazidi kusonga, unakwenda kukoma Nchani, kama kilomita 10,450 kutoka hapa Likoni. Na anayeswali Nchani akaielekea Makka, nyuma ya Makka tupo sisi. Mtoto akaondoka mbio kuwahadithia wenziwe.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshinda Rabai kwa shemeji yangu, na kabla ya kurudi nikapita makumbusho ya mmisionari Krapf. Ni hapa mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, alipokuwa akikaa alipofunga safari ya Uchagani, na tarehe 11 Mei 1848 akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Aliposema ni theluji, bingwa wa jiografia wa London, Desborough Cooley, alimkatalia kwa miaka. Theluji karibu na ikweta! Ilibidi aje Karl von der Decken mwanzoni mwa miaka ya 1860 ndipo mambo yakathibitika.

Kiongozi wa msafara wa Rebmann alikuwa Bwana Kheri, mtu wa Pwani aliyezijua njia za bara. Wachaga nao walikuwa wanauona mlima wao kila kulipokucha. Cooley alibishana na Rebmann. Hakumwuliza Bwana Kheri.

Ijumaa, 8 Agosti

Henson alizaliwa tarehe kama ya leo, 1866. Nimewaambia watoto yaliyompata baada ya safari. Peary alipewa cheo cha admirali. Henson akaajiriwa ukarani forodhani New York. Mtoto mmoja ambaye babake ni karani Kilindini akauliza, "Sasa hiyo mbaya?" Si mbaya. Mbaya ni kwamba walifanya safari moja na heshima ikaenda kwa mmoja. Henson alifariki 1955, na ni 1988 tu ndipo mabaki yake yalipohamishiwa makaburi ya taifa ya Arlington, karibu na Peary.

Jioni nimemtafuta mtu wetu wa barafuni. Nakala yangu ya kitabu cha Lyndon Harries cha 1965 imeliwa na mende jalada, lakini kurasa zipo. Humo yumo Salim bin Abakari, Mkomoro, mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller. Mwaka 1896 waliondoka Berlin wakaenda Urusi hadi Siberia, na Salim akaisimulia safari hiyo kwa Kiswahili. Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili kule Berlin, akaichapisha Göttingen mwaka 1901 pamoja na safari nyingine za Waswahili.

Salim hakufika Nchani, wala hakudai. Lakini kitu alichokuwa nacho ni kile walichokikosa Bwana Kheri na Ootah: nafasi ya kusema mwenyewe. Mtumishi ndiye msimulizi, na Warusi ndio wanaotazamwa.

Jumapili, 10 Agosti

Kijana anayepaka rangi tuktuk na mashua amekubali kunichorea safari ya Salim. Theluji hajawahi kuiona. Alianza kwa kumimina rangi nyeupe, ikakauka kama chokaa ya ukuta. Akachana karatasi. Ya pili hakuipaka kitu. Akachora tu vivuli vya buluu chini ya miti na nyuma ya farasi, na karatasi yenyewe ikawa theluji. Akarudi nyuma hatua mbili, akatikisa kichwa. "Mwalimu, kumbe nyeupe haipakwi."

Kisha akauliza bwana wa Salim amuweke wapi. Nikamwambia amuweke pembeni, ila asimwondoe. Mtoto ajue nani alilipa nauli, na nani aliyesimulia.

Jumatano, 13 Agosti

Mama mmoja kanisimamisha njiani. Kwa adabu, lakini kwa uzito: "Shikamoo Mwalimu. Hiyo barafu itawasaidia nini kwenye mtihani?"

Nikamhadithia Tété-Michel Kpomassie wa Togo. Alikuwa kijana juu ya mnazi akiangua nazi, akakutana na nyoka, akaanguka. Ikaamuliwa awekwe wakfu kwa ibada ya chatu. Katika kungoja akaingia duka la vitabu la wamisheni, Lomé, akanunua kitabu kuhusu watu wa Greenland. Nchi isiyo na miti wala nyoka! Akatoroka kwao. Alikwenda akifanya vibarua na kujifunza lugha, Accra, Dakar, Paris, Copenhagen, na mwaka 1965 akateremka Greenland, baada ya kama miaka minane. Mwaka 1981 akachapisha kitabu chake, kikapata tuzo Ufaransa.

"Basi mwanangu asiende huko," akasema, akacheka. Lakini Jumamosi atamleta, kasema.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama yule kamleta mwanawe, na yeye mwenyewe akakaa. Tumesoma safari ya Salim kwa picha za kijana, nami nikiifupisha. Safari hii maswali yalikuwa ya Salim mwenyewe: aliswali wapi, alikula nini, nani alimwelewa alipozungumza. Hakuna aliyemwulizia Bumiller.

Nimeshaamua. Vitabu vya barafu kutoka nje nitaendelea kuvisoma. Henson ni mtu mkubwa na watoto wanampenda. Lakini kitabu kinachomwita mbeba mizigo "mwenyeji" tu, na bwana wake kikamtaja kwa jina na cheo, kinamfundisha mtoto wa Likoni kwamba mtu wa namna yake hukaa nyuma ya picha. Hayo si mafunzo ya jiografia.

Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam wasiseme hawana hadithi. Ya Salim imechapwa tangu 1901, tena kwa Kiswahili. Wachoraji tunao, na watoto wako tayari kusikiliza. Kilichobaki ni mtu wa kuichapisha kwa picha, jina la Salim bin Abakari likiwa juu ya jalada.