Amri kwa Mwenye Bunduki

Katika lugha yetu kuna methali isemayo kwamba mtoto akililia wembe, apewe. Tumeifundisha methali hiyo kwa miaka mingi, na kila mara tumeieleza kama wanavyoieleza wengine: kwamba asiyesikia maonyo hana budi afunzwe na jeraha. Hatukupata kuitilia shaka maana hiyo mpaka mwezi wa Desemba 2022, tulipoingia katika duka la bunduki huko Kanada, tukamwona mzee mmoja akimpa kijana wembe wake bila ya kuuachilia mkononi mwake mwenyewe. Twaomba radhi kwa ndugu walimu ikiwa yaonekana ajabu kwamba mwalimu wa lugha aandike habari za bunduki. Wakivumilia kidogo wataona kuwa habari hizi ni za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Sisi tulizaliwa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kijiji kisicho mbali na Kampala. Kiswahili cha kwanza kuingia masikioni mwetu hakikuwa cha hadithi wala cha shairi, bali kilikuwa cha kizuizi cha barabarani. Simama! Shuka! Lala chini! Toa kitambulisho! Miaka ile palikuwa na misako ya askari ambayo wananchi waliiita kwa maneno mawili ya Kiswahili, "panda gari", kwa kuwa hiyo ndiyo amri waliyopewa waliokamatwa. Na wako waliopanda magari hayo wasirudi tena makwao. Mama yetu hakujua Kiswahili, lakini maneno hayo aliyajua. Jioni moja, tungali wadogo, tulitoka uani tumeshika kijiti kana kwamba ni bunduki, tukimwamrisha mbuzi apande gari. Mama alitupiga kofi, naye hakuwa na desturi ya kupiga. Kisha akasema kwa Kiganda, kwa sauti ya chini, kwamba lugha hiyo isiingie nyumbani mwake.

Kofi lile halikutoka kwa mama peke yake. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari tangu siku za King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902. Idi Amin, aliyetwaa madaraka mwaka 1971, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo la mtu kama yule halikukipatia Kiswahili mapenzi ya watu. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Haya yote ni mema. Hata hivyo, mara kwa mara mzazi hutujia mwisho wa muhula na kutuuliza kwa upole, "Mwalimu, kwa nini mnawafundisha watoto wetu lugha ya wenye bunduki?" Kwa miaka mingi hatukuwa na jibu, ila kumtajia soko la Afrika Mashariki na nafasi za kazi.

Sasa tuje kwenye safari yetu. Mpwa wetu anaishi katika jimbo la Alberta, na anafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe. Huko koyote, mnyama wa jamii ya mbwa mwenye umbo la mbweha, huwavizia ndama, na mwajiri wake alitaka naye awe na leseni ya bunduki kama wafanyakazi wengine. Alituomba twende naye dukani kabla hata hajaanza mafunzo. Tulimwuliza kwa nini asingoje kwanza apate karatasi yake.

"Mjomba," alitujibu, "bunduki ni kama kiatu. Kitako kikiwa kirefu mno hakikai begani, kikiwa kifupi mno kinakubana. Nitajuaje niweke akiba ya ipi bila kuishika?"

Hoja yake ilikuwa na maana, maana karatasi ile haipatikani kwa siku moja. Katika nchi ile mtu hana budi awe ametimiza miaka 18, ahudhurie mafunzo ya usalama, na afaulu mitihani miwili, mmoja wa maandishi na mwingine wa vitendo, kwa alama zisizopungua 80 katika 100. Fomu ya maombi humtaka ataje watu wa kumdhamini kwa tabia yake, na huulizia sahihi ya mke au mume. Mwenzi asipotia sahihi, wakuu wa leseni humpelekea habari. Anayeomba kwa mara ya kwanza hungoja siku 28 kwa uchache. Sheria hizi zina chanzo cha majonzi. Tarehe 6 Desemba 1989, katika chuo cha uhandisi mjini Montreal, mtu mmoja mwenye bunduki aliwaua wanawake 14, na kilio cha taifa kilizaa sheria kali zaidi katika miaka ya 1990.

Duka la kwanza tuliloingia lilitukataa. Kijana aliyekuwa zamu alimwuliza mpwa wetu kama ana leseni, na aliposikia kuwa hana, akasema kwa adabu kwamba aangalie kwa macho tu. Hiyo ilikuwa kanuni ya duka lao. Kwa kweli sisi tulifurahi, tukageuka kutoka. Lakini mpwa wetu alikuwa amesikia habari za duka jingine.

Katika duka la pili tulimkuta mzee mwenye miwani. Alituambia kwamba sheria ya nchi haimtii hatiani asiye na leseni anaposhika bunduki chini ya usimamizi wa karibu wa mtu mwenye leseni, anayeitumia kwa namna ambayo huyo msimamizi ameruhusiwa. Lakini kila duka lina hiari yake, na yeye hukubali kwa masharti yake mwenyewe. Bastola hakutuonyesha kabisa. Tangu tarehe 21 Oktoba mwaka ule biashara ya bastola kwa watu binafsi ilikuwa imesimamishwa nchini kote. Alishusha bunduki ndefu ya kuwindia, akaielekeza ukutani, akafungua kufuli lililozuia kifyatulio, akavuta nyuma kile chuma kinachofunga mtutu. Akachungulia ndani, kisha akatia kidole chake kidogo kuhakikisha kwamba hamna kitu. Halafu akamtaka mpwa wetu achungulie naye. Mpwa wetu alisema kwamba amekwisha kuona. Mzee akamwambia aliyeona ni yeye mzee, sasa aone mwenyewe. Ndipo akampa, ikiwa wazi, na mkono wake ukabaki karibu na mtutu kama mkono wa mzazi anayemfundisha mtoto kuendesha baiskeli.

Mpwa wetu alipomaliza, mzee alitutazama sisi akauliza kama tungependa kushika. Tungaliweza kukataa. Lakini tulikuwa tumeiogopa bunduki maisha yetu yote, tukaona aibu kuendelea kuiogopa mbele ya mtoto wa dada yetu. Mzee alirudia yote aliyoyafanya mwanzo, akatutaka tuchungulie, kisha akatukabidhi. Ilikuwa nzito na baridi kuliko tulivyodhani. Hapo tukafanya jambo ambalo tunalieleza kwa haya. Kidole chetu kilikwenda chenyewe kwenye kifyatulio, nasi tulipogeuka kumwambia mpwa wetu neno, mdomo wa bunduki uligeuka pamoja nasi ukapita kifuani pake. Mzee hakupiga kelele. Aliusukuma mtutu kwa kiganja ukaelekea ukutani, akaichukua, akasema taratibu, "Hapana. Anza tena." Mpwa wetu alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, na uso wake haukuwa na kicheko.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulikuwa tumejidanganya kwamba mtu aliyeziogopa bunduki tangu utotoni hana haja ya kufundishwa namna ya kuzishika, kwa kuwa hofu yenyewe inatosha kuwa mwalimu. La hasha! Hofu yetu haikuwa imetufundisha lolote. Kidole kiliiga kile kilichokiona utotoni, kama kilivyoiga siku ile ya mbuzi na kijiti.

Kesho yake jioni walikuja nyumbani wenzake mpwa wetu watatu, wanaume wawili kutoka Kivu, Kongo, na mama mmoja kutoka Burundi. Wote watatu hufanya kazi katika kiwanda cha nyama, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Wanaume wale walikuwa wamejiandikisha kwa mafunzo yale yale, wapate kwenda kuwinda kama jirani zao. Kiingereza cha kitabu kiliwatatiza, nao wakasema, "Mwalimu, tusaidie." Tulikaa mezani, na ufagio ukawa bunduki yetu.

Mafunzo yale yana kanuni nne za msingi. Ya kwanza ilitugharimu nusu saa. Tulianza kwa kusema "Idhani kila bunduki kuwa ina risasi". Lakini adhaniye aweza kukosea, na hapa mtu hakuruhusiwa shaka. Mwishowe tukaafikiana: "Ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi." Ya pili: "Uongoze mdomo wa bunduki wakati wote." Ya tatu: "Usitie kidole kwenye kifyatulio." Hapo palizuka mabishano, maana ndugu wa Kivu walizoea neno la Kifaransa, nasi Uganda tumezoea neno la Kiingereza lililovishwa irabu. Tuliwaeleza kwamba kitu kifunikacho ni kifuniko, basi kinachofyatua kwa nini kisiwe kifyatulio? Wakakubali. Ya nne humtaka mtu ahakikishe kuwa bunduki haina risasi, nayo ina hatua zake tano: elekeza mdomo upande ulio salama, toa risasi zote, angalia chemba, kagua njia ipitayo risasi, chungulia tundu la mtutu.

Tulipozisoma kwa sauti, mmoja wa wale wa Kivu, aliyekuwa kimya muda mrefu, aliuliza, "Mwalimu, hizi amri, anaambiwa nani?"

"Anaambiwa yule aliyeishika," tukamjibu.

Alicheka kicheko kifupi, akaomba tuzisome tena. Mama wa Burundi, ambaye alikuwa amekataa hata kuugusa ufagio, alizirudia pamoja nasi neno kwa neno, na aliisema "toa risasi zote" kwa nguvu kuliko sisi sote.

Hapo ndipo tulipofahamu yaliyotupata. Maisha yetu yote, katika nchi zetu hizi, amri ya Kiswahili ilitoka kwa mwenye bunduki ikamwendea asiye nayo. Toa kitambulisho, toa pesa. Mezani pale amri ilikuwa imegeuka ikamwelekea mwenye bunduki. Kitenzi ni kile kile "toa", na sarufi ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anaambiwa, na atoe nini.

Shule zilipofunguliwa Februari 2023 tulifundisha hali ya kuamrisha katika kidato cha pili. Tuliwataka wanafunzi watupe mifano, nao, kama kawaida, wakatupa ya askari, wakiigiza kwa sauti nzito na kucheka. Zamani tungeifuta ubaoni upesi. Safari hii tuliiandika yote upande mmoja, tukaeleza ilikotoka, na "panda gari" tukaieleza pia mpaka vicheko vikakoma. Kisha upande wa pili tukaandika zile hatua tano, tukawaacha wazilinganishe wenyewe. Kengele ililia wangali wakibishana.

Twaona sasa kwamba mzee yule wa dukani ametufundisha kuisoma upya ile methali ya wembe. Duka la kwanza lilimnyima mtoto wembe, na wako wazazi ambao wangempa tu na kungoja damu. Yule mzee alimpa huku amemshika mkono, tena kabla ya karatasi yoyote, akamtaka aone kwa macho yake mwenyewe. Kiswahili nacho kimewahi kukata watu katika nchi yetu. Haifai tuwafiche wanafunzi makali yake, wala tuwaachie wajikate.

Mpwa wetu alipata leseni yake mwaka huo huo wa 2023. Ameandika kwamba hadi sasa hajampiga koyote hata mmoja, maana mlio peke yake huwatosha. Mama yetu, ambaye sasa ni mzee, alitaka kusikia zile amri tano kwa Kiswahili. Tulimsomea, tukamfasiria kwa Kiganda. Hakusema neno, ila hakutuambia tunyamaze.

Tunawaomba wenzetu wenye neno bora kuliko "kifyatulio", au lenye kuzoeleka zaidi katika sehemu zao, walilete katika kurasa hizi ili tufaidike sote.