Kila Ufa na Dawa Yake



Nyumba tunayofikia hapa Sibwesa ina mabafu mawili. La zamani lina sakafu ya saruji. La pili, lililojengwa kwa ajili ya wageni, lina beseni pana la faiba lililolazwa sakafuni chini ya bomba la mvua. Sakafu ya saruji ilipopasuka, tuliiziba wenyewe, ikashika. Beseni la faiba nalo lilipopasuka, tukachukua saruji ile ile na mwiko ule ule. Baada ya majuma machache kiraka kilibanduka kama ganda, maji yakapenya chini, na ukuta ukaanza kulowa.

Fundi tuliyemwita hakutucheka. Alilikanyaga beseni kwa mguu mmoja, likabonyea. “Baba,” alisema, “chini hapa ni patupu. Hata mngeziba kila juma, lingepasuka tena.” Kisha akatufundisha.

Ufa wa saruji hupanuliwa kwanza kwa patasi, vumbi hufagiliwa, na mahali pale huloweshwa na kupakwa uji wa saruji. Ndipo hujazwa mchanganyiko wa saruji sehemu 1 na mchanga sehemu 3, ukanyunyiziwa maji kwa siku 7 ili usikauke kwa pupa. Faiba ni kinyume chake: unyevu ni adui yake. Hujazwa kwanza pale palipo patupu chini, hukaushwa kabisa, hupigwa msasa na kufutwa kwa spiriti, kisha hubandikwa kitambaa cha nyuzi za kioo kwa resini iliyochanganywa na kigumishi chake. Beseni la chuma lililopakwa enameli likichubuka, kutu hutambaa chini ya rangi pasipo kuonekana. Sharti lisuguliwe hadi chuma king’ae, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo ifuate rangi ya epoksi. La kauri, likimeguka kidogo, hujazwa epoksi. Lakini likiwa na ufa uliopenya hadi chini, ni heri kulibadilisha kuliko kumjeruhi mwogaji.

Tulimsikiliza tukiwa kimya, kwa maana mawazo yetu yalikuwa yamekwisha kutoka bafuni.

Mwaka huu alitujia barazani kijana aliyekuwa ameitelekeza nyumba yake kwa ajili ya pombe. Tulimkemea kwa ukali, naye akajirudi. Tulifurahi, tukadhani tumepata dawa. Baada ya muda mfupi akaja mama aliyefiwa na mtoto, ambaye alikuwa ameacha kusali. Tukamwambia maneno yale yale: ainuke, aache kujihurumia, amrudie Mungu. Alitushukuru kwa adabu, akaenda zake. Tangu siku ile hatukumwona tena kanisani. Tulikuwa tumeweka saruji juu ya faiba. Hatukuwa tumekanyaga hata mara moja ili kujua chini pana nini.

Wapendwa, Kanisa lilikwisha kutuonya zamani. Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyekuwa Papa kuanzia mwaka 590 hadi 604, aliandika kitabu juu ya kazi ya mchungaji. Katika sehemu ya tatu anawataja matajiri na maskini, wenye furaha na wenye huzuni, na wengine wengi, akionyesha kwamba linalomponya mmoja laweza kumdhuru mwingine. Jirani zetu wa Karema nao walikuwa na Adrien Atiman, katekista na tabibu aliyefariki mwaka 1956. Tabibu hampi mwenye homa dawa ya kidonda, humsikiliza kwanza. Kwa nini basi tuharakishe tunapozitibu roho?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini tumejifunza kwamba hata azibaye ufa pasipo kuujua atajenga ukuta vilevile. Mzazi mwenye watoto wawili, mume na mke waliokosana, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: kabla ya kunena, tuulize chini pana nini.

Beseni sasa limetengemaa; wageni wanaoga. Kwa yule mama tulikwenda wiki iliyopita, si kuhubiri bali kuomba radhi. Alitupa kigoda na maji ya kunywa, tukakaa naye hadi jua lilipozama, naye akatusimulia habari za mtoto wake. Dominika hakuja kanisani. Hatukushangaa, kwa sababu fundi alitufundisha kwamba penye unyevu hapabandikwi kitu, ila hungojewa pakauke. Tutakwenda tena. Nanyi mwombeeni, mtuombee na sisi, ili Bwana aliyetia maji katika beseni na kuwaosha wanafunzi wake miguu atufundishe kuinama kabla ya kusema.

Tumsifu Yesu Kristo.