Vyungu vya Ikombe Vilinitoa Hofu ya Kutuma Mikoani

Ushuhuda huu nawaandikia wauza vyombo wenzangu wa mtandaoni, hasa mnaowakataa wateja wa mikoani.

Nipo Dar es Salaam. Nauza vyungu, sahani za kauri na glasi kupitia Instagram na WhatsApp. Kwa muda mrefu biashara yangu iliishia pale bodaboda anapofika. Mteja wa Sinza au Mbagala alipata mzigo siku hiyo hiyo, wa Mwanza au Songea nilimjibu, "Samahani dada, situmi nje ya Dar." Nilishaona wenzangu wakirudisha hela za watu baada ya sahani kufika vigae, na mtaji wangu ulikuwa mdogo mno kwa hasara ya namna hiyo. Lawama zote niliwatupia watu wa mabasi: wanarusha mizigo, wanarundika magunia juu ya maboksi, hawasomi kilichoandikwa.

Kilichonigeuza ni safari ya Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Wanawake wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe hufinyanga vyungu kwa mikono, huvisafirisha kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, na kutoka hapo vyungu husambaa Kyela, Tukuyu, Mbeya na kwingineko. Nilikwenda kutafuta mali, nikamkuta mama mmoja mchuuzi akifungasha vyungu vya kupanda lori. Hakuwa na boksi wala nailoni ya mapovu. Alijaza nyasi kavu ndani ya kila chungu, akapachika vidogo ndani ya vikubwa huku nyasi zikikaa katikati, kisha akakaza tenga kwa kamba mpaka hakuna kilichocheza. Nikamuuliza, "Mama, hawa makuli hawavirushi?"

"Wanavirusha, mwanangu. Mimi nafunga nikijua watavirusha."

Toka siku hiyo niliacha kuwawazia makuli, nikaanza kuliwazia boksi.

Niliporudi Dar nilikwenda Keko kwa mafundi wa fanicha. Maranda makavu na vipande vya sponji vinavyobaki kwenye masofa ndiyo nyasi zangu. Kila chombo nakifunga peke yake, na mfuniko wake pia peke yake, maana mfuniko ukibaki juu ya chungu ndio unaokipasua. Ndani ya glasi nasokota karatasi hadi ijae. Sahani sizilazi. Nazisimamisha kwa ukingo kama vitabu kwenye rafu, kwa sababu zikilazwa, ya chini hubeba uzito wa zote, na gari likiruka tuta ndiyo ya kwanza kupasuka. Magazeti natumia kwa kujazia tu: yakikandamizwa hunywea na kuacha nafasi, na wino wake huchafua vyombo vyeupe.

Boksi la vyombo hivyo likishajaa naliingiza ndani ya boksi kubwa zaidi, na kila upande, chini na juu pia, naacha sentimita 5 za maranda. Boksi la nje likigongwa, kishindo kinaishia kwenye maranda. Situmii maboksi yaliyolegea kwa unyevu, na kwa mzigo wa Zanzibar natandika nailoni ndani, maana maranda yakilowa yanashikana na kushuka chini. Mwisho nalitingisha boksi. Nikisikia sauti yoyote, nafungua na kuanza upya, hata kama basi linakaribia kuondoka.

Alama bado nabandika: glasi kwa vitu vinavyovunjika, mwavuli kwa vitu visivyotakiwa kulowa, mishale miwili kuonyesha upande wa juu. Picha hizo zinaeleweka hata kwa asiyejua Kiingereza. Lakini kwenye buti lenye giza, chini ya magunia ya mchele, alama haisaidii kitu. Kinachosaidia ni kile kilichomo ndani.

Jambo jingine lililobadilika ni mazungumzo na wateja. Gharama ya vifungashio naitaja mapema, kando ya bei ya chombo na nauli ya mzigo, ili mtu asije akahisi ameongezewa. Napiga video nikifungasha, nampigia picha risiti ya basi, na namwomba naye ajirekodi akifungua. Chombo kikivunjika, video mbili zinatuonyesha palipolegea, tunaelewana bila kutukanana. Leo, namshukuru Mungu, maboksi yangu yanapanda mabasi ya Mwanza, Arusha na Mbeya, na wateja wa mikoani ndio wengi. Vyombo kuvunjika hakujaisha kabisa, ila sasa ni hasara ninayoweza kuilipa bila kuyumba.

Ndugu muuzaji, kabla hujalipia tangazo lingine la mtandaoni, tenga hela ya vifungashio. Funga boksi moja la majaribio lenye sahani ya bei rahisi, liangushe sakafuni kutoka usawa wa kiuno, kisha ulifungue. Sahani ikiwa nzima, mpigie yule mteja wa Songea uliyemkatalia, umwambie mzigo wake unakuja.