Wageni walimuulizia mtoto, jirani akamuulizia mama

Wiki ya kwanza nyumba ilijaa. Mama yake mzazi alipanda gari kutoka kijijini na kuku wawili na ndoo ya unga wa ulezi. Mawifi walileta kanga. Wanakwaya wenzake walikuja na sabuni na sukari, wakaimba mpaka mtoto akaamka. Kila aliyeingia katika chumba kile cha kupanga Isongole, wilayani Ileje, aliuliza maswali yaleyale: mtoto ana kilo ngapi, ananyonya, kitovu kimekatika, kafanana na nani?

Wiki ya nne mzazi alibaki peke yake. Mvua zilikuwa zimeanza, na mvua zikianza katika milima hii ya mpakani mwa Malawi, mwenye jembe yuko shambani. Mama yake alirudi kupanda mahindi. Mume, kijana wa bodaboda, alitoka na ukungu wa alfajiri kutafuta abiria, siku nyingine akiifuata lami mpaka Mpemba na Tunduma, akarudi saa tatu usiku. Mzazi, mwenye miaka 22 na mtoto wake wa kwanza, akabaki na kichanga kinacholia na mvua juu ya bati.

Akaacha kupika. Ugali wa jana ulilala sufuriani. Usingizi haukuja hata mtoto alipolala, na machozi yalimtoka bila sababu anayoweza kuitaja. Alimtazama mtoto kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachiwa amshike kwa muda. Siku moja alimfunika vizuri, akamweka katikati ya kitanda, akatoka mpaka kwenye barabara inayoelekea mpakani. Aliwaza avuke tu, aende zake Chitipa ambako hakuna anayemjua. Alichorudia ni maziwa. Yalianza kumtoka, gauni likalowa, akageuka.

Hakumwambia mume. Angeanzia wapi?

Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida. Wazazi wengi huyapata kuanzia siku ya tatu hivi, mwili unapobadilika ghafla baada ya kujifungua, nayo hukauka yenyewe ndani ya wiki mbili. Yakivuka wiki mbili, mama akiwa hali, halali, hana raha na chochote, anajiona hafai, hapo jina linabadilika. Ni sonona baada ya kujifungua, na ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na kubwa kuliko yote ni sonona. Kwa hiyo katika benchi la kliniki lenye akina mama kumi, huenda wawili wanatabasamu kwa adabu tu.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya Wazungu, kwamba bibi zetu walijifungua shambani wakaendelea kulima. Basi waulizwe majirani zetu wa Uganda. Miaka ya 1970 daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, John Cox, alifanya kazi huko na kuwachunguza wanawake wajawazito na waliojifungua. Aliikuta sonona palepale. Alikuta pia kuwa Waganda walikuwa na jina lao, amakiro, la mama anayechanganyikiwa baada ya kujifungua, na wengi waliamini kuwa chanzo chake ni uzinzi wakati wa ujauzito. Ni mama gani atasema anaumwa, ikiwa kusema ni kujitangaza mzinzi? Mwaka 1987 Cox na wenzake wawili walichapisha dodoso la maswali kumi kuhusu siku saba zilizopita, ambalo sasa linatumika katika nchi nyingi. La kumi linauliza kama mama amewahi kuwaza kujidhuru. Akikubali, hata kidogo, hasubiri kliniki ijayo.

Isongole dodoso hilo halikuhitajika ili jambo lianze kujulikana. Alikuja jirani, mama mtu mzima anayeuza maandazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe mwenyewe unaendeleaje? Usiku ulilala?"

"Nimelala, mama," alisema, kisha kilio kikamshika mpaka akakaa chini.

Mama huyo hakumwambia avumilie. Hakusema wote wamepitia huko, wala hakumkumbusha wanaolilia mtoto hawapati. Alimchukua mtoto, akamfunga kifuani kwa kanga, akasema: "Kalale. Akitaka ziwa nitakuamsha." Mzazi alilala kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, akaamshwa mara moja tu. Alipoinuka alikuta vyombo vimeoshwa na uji mezani. Alikunywa vikombe viwili.

Kesho yake jirani alirudi. Na keshokutwa.

Ndiyo maana ni vizuri anayekwenda kumwona mzazi aende na mikono yake. Ndoo mbili za maji, nepi zilizofuliwa na saa mbili za kumshika mtoto zinamfaa kuliko shuka la tatu la maua. Mgeni anayekaa mpaka achemshiwe chai na mtu mwenye mshono, huyo, kwa heshima zote, angesubiri mwezi ujao.

Mzazi mwenyewe naye ajue mambo mawili. Kilio cha kichanga huongezeka wiki hadi wiki, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua. Hakimaanishi maziwa hayatoshi, wala si ruhusa ya kumpa maji au dawa ya chango. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na kwa miezi sita ya kwanza hahitaji kingine. La pili, akilia mpaka kichwa cha mama kinataka kupasuka, kumlaza chali mahali salama na kusimama mlangoni dakika tano si kumtupa. Kumtikisa kwa hasira ndiko kunakoweza kumuumiza ubongo.

Na baridi ya huku. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani ili kumpasha mzazi joto, hata kama ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba. Moshi usioonekana wa mkaa huua waliolala, bila harufu ya kuwaamsha. Mtoto apewe kofia, soksi na kifua cha mama au baba, ngozi kwa ngozi, blanketi juu.

Siku ya 42 ilikuwa ya kliniki. Ratiba ya mama baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42, na wengi huiona kama safari ya kumpima mtoto uzito. Jirani alimsindikiza, na mbele ya muuguzi akasema, "Leo mtazame na huyu." Muuguzi aliuliza kuhusu usingizi, chakula, na kama yapo mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Hayakuwepo. Kisha akatuma mtu amwite baba, aliyekuwa nje ya geti na pikipiki yake kama baba wengine wote.

Kijana aliingia na kofia mkononi. Alidhani mkewe amemchoka. Mtoto alimwogopa, shingo haijakaza. Usiku alijifanya amelala, akihesabu deni la pikipiki. Hilo nalo si dogo: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulionyesha kuwa karibu baba mmoja kati ya kumi hupata sonona katika kipindi hiki. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo, 100 kwa mapacha, na baba siku tatu. Bodaboda hapewi hata moja.

Muuguzi aliwapangia kurudi kila baada ya wiki mbili wazungumze, na hali ikigoma wangepelekwa kwa daktari hospitali ya wilaya, Itumba. Zipo dawa ambazo mama hutumia huku akinyonyesha. Daktari ndiye anayechagua. Mama asiyelala kabisa, anayesikia sauti au kuongea yasiyoeleweka siku chache baada ya kujifungua ni dharura ya siku hiyohiyo, kama alivyo mtoto anayegoma kunyonya, mwenye homa au anayepumua kwa shida. Namba ya dharura ya m-mama ni 115, haina malipo.

Nyumbani waligawana usiku. Mama alinyonyesha saa tatu na kulala papo hapo. Baba akamshika mtoto mpaka saa sita. Asubuhi alifua nepi kabla ya kutoka. Vijana wa kijiweni walimcheka, akaacha wiki nzima, kisha akaendelea, ila sasa alianika nyuma ya nyumba. Usingizi wa mama ulirudi kwanza. Hamu ya chakula ikafuata. Kumpenda mtoto kulichukua muda zaidi, kidogo kidogo, na hakuna aliyemharakisha.

Mtoto sasa ana miezi saba, ana meno mawili na humng'ata mama yake akinyonya. Mama amerudi kwaya, mazoezi ya Jumamosi tu kwanza. Baba humsubiri nje ya kanisa, pikipiki kivulini, mtoto kifuani.