Saa ya Mama, Kutoka Istanbul Hadi Sarajevo

Kutoka Istanbul hadi Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ni yapata kilomita 900 kwa njia ya anga, karibu mara mbili ya barabara ya Mombasa hadi Nairobi. Mwenye kwenda kwa basi huvuka Bulgaria na Serbia. Ndege haimalizi saa mbili. Mwezi wa Septemba tulipaa saa kumi alasiri, tukatua saa kumi na moja kasoro dakika kumi kwa saa za huko, kwani wakati wa kiangazi Sarajevo iko nyuma ya Istanbul kwa saa moja, na wakati wa baridi kwa saa mbili.

Sisi vijana tulirekebisha saa zetu. Mama hakuigusa yake. Istanbul na Mombasa zina saa moja, hivyo tangu atoke nyumbani saa yake haikumkosea. Naye alikuwa amefunga, akilipa siku zake za Ramadhani. Tulimkumbusha kuwa msafiri ana ruhusa. Akasema deni halipendezi kusafiri nalo.

Jioni tuliketi katika ua wa Msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa mwaka 1531. Sarajevo imezungukwa na milima, na jua lilikuwa limekwisha kujificha nyuma yake. Saa ya Mama ilionyesha saa moja na dakika kumi, wakati ule ule aliofuturu jana yake Istanbul. Akatoa tende.

“Wanangu, mbona hawaadhini?”

Tende ilikuwa karibu na mdomo. Bibi mmoja wa Kibosnia aliyekuwa kando yetu, asiyejua lugha yetu wala sisi yake, akamshika mkono taratibu, akamwonyesha mnara wa saa ulio jirani na msikiti.

Mnara ule una desturi yake. Saa yake huhesabiwa kwa jua: Magharibi inapoingia, mshale hufika kwenye 12, na yuko mtu wa kuirekebisha kadiri siku zinavyorefuka na kufupika. Jioni ile mshale ulikuwa umepita 11 tu. Zilibaki kama dakika 40.

Tulipomfahamisha, Mama alistaajabu. Kwetu mshale huwa juu ya 6, nasi husema ni saa kumi na mbili. Pale mshale wenyewe husimama juu ya 12. Akacheka: “Basi hawa saa yao yasema tusemavyo sisi!”

Akairudisha tende mfukoni, akavua saa yake, akatupa tuirekebishe.

Enyi mama na dada mtakaosafiri, ndege hukimbia kuliko mazoea. Mfungaji hufuata jua la mahali alipo, si la alikotoka, na kivuli cha mlima si machweo.

Mshale ulipofika 12, adhana ikasikika. Mama akaigawa tende ile vipande viwili, kimoja akampa yule bibi.